Utangulizi Kazini na Urushaji wa Mkandarasi: Maneno ya Marubani Katika Kiswahili

Matini za usafiri wa anga zinazoletwa kwetu kwa ushauri wa istilahi si haba siku hizi. Zile zinazohusu mitambo hazitusumbui sana. Bawa ni bawa, mkia ni mkia, na palipokosekana neno mafundi wamekwisha kutohoa lao, wakaelewana. Zinazotusumbua ni istilahi za mgogoro, yaani yale maneno ambayo watu wawili wanaoshindana wameyashika kila mmoja kwa ncha yake. Katika makala haya tunakusudia kuyachunguza machache ya namna hiyo, yanayohusu marubani wa Marekani na malalamiko yao mawili makubwa: kazi yao ya kurusha ndege kupewa kampuni nyingine, na nafasi ya rubani katika orodha pale kampuni mbili zinapofanywa moja. Huko ndiko mgogoro huu ulikozaa mikataba, hukumu na sheria nyingi, na ndiko zinakotoka matini ambazo wafasiri wetu wanatakiwa kuzitia katika Kiswahili.

Rai yetu ni kwamba maneno kadhaa yanayotumika sasa yamekwisha kukata shauri kabla msomaji hajausikia mgogoro wenyewe, na aghalabu yamelikata kwa upande wa mwajiri. Hatusemi kwamba wafasiri wamefanya hivyo kwa makusudi. Kamusi iliwapa neno, nao wakalitumia.

Tuanze na dhana iliyo mama wa nyingine zote. Katika mashirika makubwa ya ndege ya Marekani kila rubani hupewa namba anapoajiriwa, na namba hiyo ndiyo inayoamua karibu kila jambo katika maisha yake ya kazi: aina ya ndege atakayorusha, mji atakaoanzia safari, kama atakuwa nahodha au msaidizi, safari zake za mwezi, likizo yake ya Desemba na, mambo yanapokuwa magumu, iwapo atakuwa miongoni mwa wa kwanza kuondolewa. Mkubwa wake hampangii kwa kupendezwa naye wala kwa kumchukia. Rubani huchagua mwenyewe, ila walio mbele yake huchagua kwanza. Na kwa kuwa ujira hufuata ukubwa wa ndege na kiti anachokalia rubani, namba hiyo ni fedha. Tena haihamishiki. Nahodha wa miaka ishirini akitoka kampuni moja kwenda nyingine huanza mkiani, nyuma ya kijana aliyeajiriwa huko wiki iliyotangulia. Asiyelielewa jambo hili la mwisho hataelewa kwa nini watu wazima, wenye mishahara minono, hushtakiana mahakamani kwa miaka mingi juu ya orodha ya majina.

Dhana hii imepewa maneno mengi katika Kiswahili, na karibu yote yana kasoro. La kwanza ni "cheo". Rubani msaidizi anaweza kabisa kuwa mbele ya nahodha katika orodha. Wako wanaokataa unahodha kwa hiari yao ili wabaki na safari nzuri na kulala nyumbani, kuliko kuwa nahodha wa mwisho anayeitwa usiku wa manane. Basi cheo ni tunda mojawapo la namba hiyo, wala si namba yenyewe. "Uzoefu" nao haufai, maana uzoefu rubani huondoka nao kichwani na katika daftari lake la saa za kuruka, ilhali namba huiacha mlangoni. "Ukongwe" una harufu ya uchakavu; twalisema kwa kupenda juu ya mchezaji mpira au mwembe wa kijijini, lakini rubani mkongwe humtia abiria wasiwasi. Isitoshe, linachanganya nafasi katika orodha na umri wa mtu, mambo ambayo Marekani yenyewe imelazimika kuyatenga: mwezi Desemba 2007 umri wa kustaafu kwa lazima ulipopandishwa kutoka miaka 60 hadi 65, waliokuwa juu ya orodha walikaa pale miaka mitano zaidi, na waliokuwa chini wakangoja miaka hiyo hiyo mitano bila kupanda.

Linabaki "uandamizi", ambalo ndilo linalopendwa maofisini. Hapa pana kichekesho kidogo. Kitenzi chake ni kuandama, yaani kufuata, na mwandamizi kwa asili yake ni yule anayekuja nyuma ya mwingine. Utumishi wa serikali ya Tanzania umemweka Afisa Mwandamizi juu ya Afisa wa kawaida na chini ya Afisa Mkuu, na kwa kuwa anamfuata huyo mkuu, pengine jina linastahili. Hatutaki kulitikisa, limekwisha kukaa katika barua za uteuzi. Lakini kulihamishia kwa marubani ni kumwita aliye mbele kwa jina la aliye nyuma, na papo hapo kurudisha mlango wa nyuma ile maana ya cheo tuliyoikataa.

Twapendekeza "utangulizi kazini". Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini yenye maana ya mzee zaidi, na tafsiri zetu zimekuwa zikiukimbilia uzee huo bila sababu. Jambo lenyewe si uzee. Ni nani alitangulia kuingia mlangoni. Kitenzi kutangulia kina uzao mkubwa na wa kila siku: mtangulizi, kutanguliza, malipo ya kutanguliza, waliotutangulia. Itasemwa kwamba utangulizi ni maneno ya mwanzo wa kitabu. Kweli, ndiyo sababu tunaongeza "kazini" mara ya kwanza neno linapotokea, na baada ya hapo msomaji hatapotea. Orodha itaitwa "orodha ya utangulizi". Rubani aliye juu ya mwenzake "amemtangulia". Na lugha yenyewe imetuwekea tahadhari tayari, maana kila mtoto wa Kiswahili anajua kwamba kutangulia si kufika.

Tahadhari hiyo huonekana pale kampuni mbili zinapofanywa moja. Neno linalotumika sana ni "kuungana", na nomino yake "muungano". Nomino hii ina mwenyewe nchini Tanzania tangu tarehe 26 Aprili 1964, lakini hilo si kosa lake kubwa. Kosa liko katika kiambishi. Kitenzi cha kutendana hudai kwamba pande zote mbili zimetenda: wameoana, wamekubaliana, wameungana. Mwaka 2001 American Airlines ilinunua mali ya TWA iliyokuwa imefilisika. Kusema kwamba kampuni hizo ziliungana ni kumpa mnunuliwa hiari ambayo hakuwa nayo. Rubani wa TWA angesema kampuni yake ilimezwa, na neno lake hilo nalo lina hasira ambayo mwandishi wa mkataba hawezi kuitia saini. Kati ya kuungana na kumezwa liko neno la katikati, "kuunganishwa", ambalo linakiri kwamba kuna aliyefanya na kuna aliyefanyiwa. Serikali ya Tanzania ililitumia vema mwaka 2018 ilipofanya mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, kuwa mfuko mmoja wa PSSSF. Ilisemwa kwamba mifuko imeunganishwa. Mifuko haikuamka asubuhi ikaungana. Basi tuseme "uunganishaji wa kampuni", na pale ambapo moja imeinunua nyingine kwa fedha, tuseme "ununuzi" bila haya.

Baada ya kampuni huja orodha, na hapa ndipo Kiswahili kinapoweza kuona zaidi kuliko matini ya asili, kama mfasiri atakipa nafasi. Tafsiri karibu zote husema "kuunganisha orodha". Lakini kuunga, kwa maana yake ya mikononi, ni kushikiza mwisho wa kitu kimoja kwenye mwanzo wa kingine, kama aungaye kamba. Na hilo ni njia moja tu ya kuzifanya orodha mbili kuwa moja. Ndiyo iliyowapata wahudumu wa ndani ya ndege waliotoka TWA: wote waliwekwa chini ya mtu wa mwisho wa American, na kufikia mwaka 2003, baada ya safari za anga kuanguka kufuatia mashambulizi ya Septemba 2001, wote walikuwa wameondolewa kazini. Marubani wa TWA walipata ahueni kidogo, kwa maana wachache wa juu walichanganywa na wenzao, bali wengi nao waliungwa mkiani. Mhudumu aliyetumikia TWA tangu ujana wake alikwenda nyumbani, na aliyeajiriwa American majuzi akabaki. Mfasiri anayeita mambo yote "kuunganisha" ameichagua kamba, na hajui kwamba amechagua.

Njia ya pili ni kuwapanga wote kwa tarehe ya kuajiriwa, kana kwamba siku zote walikuwa nyumba moja. Njia ya tatu tungeiita kusuka: huchukuliwa wawili wa huku na mmoja wa huku, kwa uwiano wa idadi na aina ya ndege ambazo kila upande umekuja nazo, kama msukaji anavyopitanisha miyaa ya ukili. Kila njia ina watu wanaoiita haki. Kwa hiyo jina la jumla halina budi kuwa lile lisilotaja njia yoyote, nasi twapendekeza "kuoanisha orodha", neno ambalo watungaji wa sheria wamekwisha kulizoea. Kuunga mkiani, kupanga kwa tarehe na kusuka yabaki kuwa majina ya njia.

Kesi inayoonyesha uzito wa tofauti hizi ni ya US Airways na America West, kampuni zilizounganishwa mwaka 2005. US Airways ilikuwa imekwisha kuomba ulinzi wa mahakama ya wafilisi mara mbili, mwaka 2002 na 2004, na marubani wake wengi walikuwa wamekaa miaka mingi. America West ilikuwa na marubani walioajiriwa karibuni zaidi na, kwa rai yao, kampuni iliyosimama kwa miguu yake. Wa mashariki walitaka tarehe ya kuajiriwa. Wa magharibi walijibu kwamba mtu haleti mezani miaka aliyokaa, huleta kazi aliyo nayo, na kazi za wenzao zilikuwa hatarini kupotea zote. Mwezi Mei 2007 msuluhishi George Nicolau alitoa uamuzi wake. Marubani 517 wa juu wa US Airways, kwa sababu ya ndege kubwa walizokuja nazo, waliwekwa kileleni, waliofuata walisukwa, na wale wa US Airways waliokuwa wameondolewa kazini wakingoja kuitwa, wengine wakiwa na miaka zaidi ya 15 tangu waajiriwe, waliwekwa nyuma ya marubani wa America West walioajiriwa juzi juzi. Wa mashariki, waliokuwa wengi, hawakukubali. Mwezi Aprili 2008 walikiondoa chama chao cha zamani, ALPA, wakaweka kipya, USAPA, chenye ahadi ya tarehe ya kuajiriwa. Kesi zikafuatana. Makundi mawili yakaendelea kurusha ndege za rangi moja kwa orodha mbili mbalimbali, mpaka kampuni hiyo ilipounganishwa na American mwezi Desemba 2013. Na orodha moja ya wote haikupatikana hadi jopo la wasuluhishi lilipoitoa mwaka 2016.

Tumeisoma tafsiri moja ya habari hii isemayo kwamba marubani wa mashariki waligoma kukubali "kushushwa vyeo". Hakuna aliyeshushwa cheo. Nahodha aliamka kesho yake akiwa nahodha. Kilichopotea ni yale ambayo angeyapata mwaka wa kumi mbele, na hilo ni gumu zaidi kulieleza kuliko cheo, lakini ndilo lililopiganiwa.

Katika kesi hiyo hiyo yumo mtu asiye na jina zuri katika Kiswahili: rubani aliyeondolewa kazini kwa kuwa kazi imepungua, ambaye jina lake linabaki katika orodha na ambaye ana haki ya kuitwa kwa zamu yake kazi irudipo. Wengi humwita "aliyesimamishwa kazi". Mtumishi wa umma anayesoma haya anajua vema maana ya barua ya kusimamishwa: ni tuhuma, ni kupisha uchunguzi. Maelfu ya marubani walioondolewa baada ya Septemba 2001 hawakutuhumiwa lolote. Wengine huandika "aliyepunguzwa", lakini aliyepunguzwa ameondoka na mafao yake, hana pa kurudi. "Likizo bila malipo" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu likizo huombwa. Twapendekeza "kupumzishwa", na katika hati ya sheria "kupumzishwa kwa haki ya kurejea". Ni neno pole kuliko jambo lenyewe, hilo twakiri, ila halimtuhumu mtu wala halifuti jina lake.

Sheria ya Marekani ya mwezi Desemba 2007, iliyosukumwa na maseneta wawili wa jimbo la Missouri, Claire McCaskill na Christopher Bond, iliagiza kwamba orodha zioanishwe kwa namna fulani yenye sifa mbili. Missouri ndiko TWA ilikokuwa na kituo chake kikuu, katika mji wa St. Louis, kwa hiyo chanzo chake si siri. Sifa zenyewe zilichukuliwa kutoka masharti yaliyoandikwa mwaka 1972 wakati Allegheny ilipounganishwa na Mohawk. Na Allegheny, kwa wanaopenda mizunguko ya dunia, ndiyo iliyokuja kuitwa US Airways. Tafsiri ya kawaida ni "kwa haki na usawa". Neno la pili linapotosha. Usawa kwa msomaji wetu ni sawa kwa sawa, nusu yako na nusu yangu, na rubani wa tarehe ya kuajiriwa angelishangilia kwa sababu linaonekana kumpa ushindi: miaka sawa, nafasi sawa. Sheria haikusema hivyo. Ilisema kila mtu apate kinachomstahili kwa hali yake, jambo ambalo mara nyingi halilingani kwa idadi. Kiswahili kina neno la maana hiyo tangu zamani, insafu, ambalo wazee wa pwani wangali wakilitumia na ambalo vitabu vya shule vimelisahau. "Kwa haki na insafu" ni tafsiri sahihi, tena yatamkika vizuri.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya Wamarekani peke yao. East African Airways ilipovunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya kwanza, mwelekeo ulikuwa wa kinyume, nyumba moja kugawanyika kuwa tatu, lakini swali lilikuwa la ukoo mmoja: je, miaka niliyoitumikia nyumba iliyokufa inahesabiwa na nani? Mali na madeni ya Jumuiya yaligawanywa kwa mapatano ya mwaka 1984, na hata baada ya hapo wastaafu wake nchini Tanzania walidai mafao yao kwa miaka mingi. Katika magazeti ya Kiswahili waliitwa "wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki", maneno marefu lakini yasiyo na hila, kwa maana yalitaja wazi kwamba nyumba haipo na watu wapo.

Sasa tuingie katika lile lalamiko la pili, la kazi kupewa kampuni nyingine. Tafsiri iliyoenea ni "kutoa kazi nje". Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia nje atafikiri nchi za nje, na ataona mbele yake rubani wa kigeni mwenye ujira mdogo. Kazi inayolalamikiwa haikwenda popote. Inaruka kutoka uwanja ule ule, mlango ule ule, ndege imepakwa rangi zile zile za kampuni kubwa. Tangu sheria ya mwaka 1978 ilipoyaondolea mashirika ya Marekani udhibiti wa nauli na njia, kampuni kubwa zimezidi kuzikabidhi safari zao fupi kwa kampuni ndogo. Katika mapatano ya kawaida ya siku hizi, kampuni kubwa hupanga ratiba, huuza tiketi na kuchukua nauli. Ile ndogo hutoa ndege na marubani, ikalipwa kiasi kilichokubaliwa, ndege ijae au iende tupu. Abiria wa United Express, Delta Connection au American Eagle amepanda jina, na jina hilo halina rubani hata mmoja.

Kampuni hizo ndogo zimeitwa "kampuni za mikoani", jina ambalo kwetu lina mabasi na vumbi ndani yake. Pia zimeitwa "kampuni tanzu", na hilo ni kosa la ukweli, si la ladha. Baadhi ni tanzu kweli: Endeavor ni mali ya Delta, na Envoy, PSA na Piedmont ni mali ya American. Lakini SkyWest ni kampuni inayojitegemea, nayo hurusha ndege zenye rangi za United, Delta, American na Alaska. Mti hauwi na mashina manne. Tukisema "mkandarasi" tumesema kweli juu yao wote, na "urushaji wa mkandarasi" utatosha kwa jambo zima. Neno mkandarasi kila mtu analijua kwa barabara na majengo, pamoja na mashaka yanayoambatana nalo.

Marubani wa kampuni kubwa wamejikinga kwa kifungu katika mkataba wao ambacho wafasiri, kwa utiifu wa kamusi, wamekiita "kifungu cha upeo". Upeo ni pale jicho linapokoma. Ni neno la ushairi na la hotuba za mahafali. Kifungu hiki ni ua. Kinasema mkandarasi asirushe ndege yenye viti zaidi ya idadi fulani, wala nzito kupita kiasi fulani, wala nyingi kuliko kadhaa. Katika mikataba ya Delta, United na American mpaka wa juu umekuwa viti 76 na uzito wa kuruka wa ratili 86,000, yaani tani 39 hivi. Ua huu una nguvu za ajabu. Ndege ya E175-E2 ya Embraer ilizidi uzito huo, na soko la Marekani likafungwa mbele yake. Mwaka 2019 United ilitangaza ndege iliyoundwa kuchukua abiria 70 lakini ikawekwa viti 50 tu, kwa sababu hesabu ya viti 70 ilikuwa imekwisha kujaa na ya viti 50 bado. Viti 20 vilitolewa ili kutii sentensi moja ya mkataba. "Kifungu cha mipaka ya urushaji" ndilo jina tunalolipendekeza, na mwenye kutaka ufupi aseme "kifungu cha mipaka".

Tunasisitiza mipaka, hatusemi "ulinzi", ingawa neno hilo nalo limeletwa kwetu. Ua huonekana tofauti kwa aliye ndani na aliye nje. Marubani wa Comair, kampuni iliyokuwa mali ya Delta, waligoma siku 89 mwaka 2001. Walikuwa wanachama wa chama kile kile cha ALPA walichokuwamo marubani wa Delta, na baadhi yao walikishtaki wakidai kwamba mipaka iliyowalinda wakubwa iliwafungia wao. Comair ilifungwa mwaka 2012. Mfasiri akiandika "kifungu cha ulinzi" amekaa na Delta. Akiandika "kifungu cha kizuizi" amekaa na Comair. Kazi yake si kukaa.

Limebaki neno dogo kuliko yote, na pengine ndilo linalomgusa mtu asiye rubani. Tarehe 12 Februari 2009 ndege iliyokuwa ikitoka Newark ilianguka karibu na Buffalo, katika jimbo la New York. Walikufa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Tiketi zilikuwa zimeuzwa kwa jina la Continental. Aliyerusha alikuwa mkandarasi, Colgan Air. Wachunguzi walikuta kwamba nahodha aliitikia vibaya onyo la ndege kupoteza nguvu ya kuelea, na wakazungumzia pia uchovu wa marubani wote wawili. Mwaka 2010 Bunge la Marekani lilitunga sheria ambayo, pamoja na kuzaa kanuni ya mwaka 2013 ya saa 1,500 za kuruka kwa marubani wa ndege za abiria, iliagiza kwamba muuza tiketi amwonyeshe mnunuzi, tangu mwanzo, jina la kampuni itakayorusha hasa.

Maneno hayo ya tiketi kwa Kiswahili yameandikwa "inaendeshwa na". Kuendesha kwetu ni kuendesha gari, semina, kesi, shule na kampuni. Abiria akisoma kwamba safari yake inaendeshwa na fulani, anaweza kudhani fulani huyo ni meneja wa jina kubwa aliloliona juu ya tiketi. Tungependa iandikwe waziwazi: "Inauzwa na", kisha jina, "inarushwa na", kisha jina. Tumepata pingamizi moja, kwamba katika lugha ya mitaani kumrusha mtu ni kumdhulumu fedha yake, na abiria atacheka au ataogopa. Twaona kwamba kitenzi kurusha kimekwisha kustahimili redio na televisheni, ambazo hurusha matangazo kila siku bila kumdhulumu mtu kwa ajili hiyo, na kitastahimili ndege. Walimu na wafasiri wenye neno bora zaidi tunaomba watuletee kabla orodha hii haijapelekwa kusanifiwa.